RAID Ikisumbua kwenye Kompyuta ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wenye studio za picha, wahasibu wa Sacco, makatibu wa shule na wenye maduka ya uchapaji kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega, Bungoma na Busia, watu wenye kompyuta ya mezani iliyo na diski mbili, tatu au nne zinazofanya kazi kama moja, mpango uitwao RAID. Mara nyingi data haiendi na diski iliyokufa. Huenda saa moja baadaye, mtu mwenye hofu anapobonyeza "Yes" kwenye swali ambalo hakulisoma. Kwa hiyo soma jibu lote kabla ya kushika bisibisi.

Skrini inaandika "Degraded". Je, data yangu imepotea?

Bado ipo. Kundi la diski limepungukiwa na moja lakini linaendelea kufanya kazi. Ulichopoteza ni kinga: diski nyingine ikifa kabla ya kuirudisha ya kwanza, ndipo utalia.

RAID 1 ya diski mbili huhimili kufa kwa moja. RAID 5 huanzia diski tatu na huhimili moja tu, hata kama ziko nne au tano. RAID 6 huhimili mbili. RAID 10 ya diski nne huhimili moja kwa hakika, na ya pili ikiwa tu si pacha wa ile iliyotangulia kufa. RAID 0 haihimili chochote. Ukiona "Failed" badala ya "Degraded", kundi limepoteza diski nyingi kuliko linavyoweza kuvumilia, au linadhani limezipoteza. Hayo ya kudhani ni ya kawaida sana, na tutayafikia.

Nifanye nini kwanza?

Simamisha kazi za kawaida na unakili faili za maana kwenye diski ya nje ya USB sasa hivi, kabla hata ya kwenda kununua diski mpya. Anza na vitu visivyoweza kutengenezwa tena: picha za harusi ambazo mteja hajazichukua, daftari la malipo, alama za wanafunzi. Windows na programu zako zitawekwa upya siku yoyote.

Halafu piga picha kila skrini inayoonyesha hali ya kundi, kwa simu. Andika ni diski ipi iko kwenye tundu lipi la SATA (panapoingia kebo ya data ya diski), pamoja na nambari yake tambulishi, ile iliyoandikwa S/N kwenye karatasi ya juu ya diski. Iandike herufi nne za mwisho kwenye kipande cha selotepu ya karatasi na uibandike ubavuni, upande unaoonekana sanduku likifunguliwa. Diski nzima kung'olewa badala ya iliyokufa ni kosa linalowapata hata mafundi wa miaka mingi, kwa sababu diski mbili za aina moja zinafanana kama mapacha na majina kama sda na sdb, ambayo Linux huzipa diski, yanaweza kubadilishana kompyuta ikiwashwa tena.

Kuna vitufe vya kuogopa. Windows ikikuambia "Initialize Disk", kataa. Kwenye menyu ya RAID usichague "Delete RAID Volume", "Create RAID Volume" wala "Reset Disks to Non-RAID". Zote hufuta au kuandika upya ile ramani ndogo inayoeleza diski zinapangana vipi. Na usiendeshe chkdsk /f au fsck wakati kundi halijakaa sawa. Programu hizo hurekebisha zinachokiona, na kama kundi limepangwa vibaya zinachokiona ni takataka, hivyo zitafuta folda nzima zikidhani zinasafisha.

Stima ilipotea usiku. Asubuhi kompyuta imewaka lakini RAID haipo kabisa, naona diski mbili tofauti au Windows haiwaki. Diski zote zimekufa kwa pamoja?

Karibu kila mara hapana. Tazama saa ya kompyuta kwanza. Kama imerudi nyuma miaka kadhaa, mkosaji ni betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, aina ya CR2032. Betri hiyo ndiyo huisaidia BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, kukumbuka mipangilio yake mashine isipokuwa na stima. Kompyuta nyingi za ofisini mwetu ni za mtumba, zimeshatumika miaka mitano au zaidi huko zilikotoka, na betri zao ziko ukingoni. Maadamu stima ipo, haijulikani. Ikikatika usiku mzima, BIOS husahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwenye mashine nyingi hiyo ina maana kwamba SATA inahama kutoka RAID kwenda AHCI, na ubao mama unaacha kuzitazama diski kama kundi.

Ukiwa na kipimo cha fundi wa umeme, betri mpya husoma kati ya volti 3.0 na 3.3. Ikishuka chini ya 2.7, itupe. Zima, chomoa waya wa ukutani, badilisha betri huku upande wenye alama ya + ukitazama juu, washa, ingia BIOS (F2, F10 au Delete kulingana na mashine), rekebisha saa, kisha tafuta "SATA Operation" au "SATA Mode" na uirudishe kwenye RAID. Hifadhi, washa tena. Kwa kawaida kundi linarudi likiwa zima.

Kuna mtego mmoja hapa. Wakati mwingine Windows huwaka hata ikiwa AHCI, kwa RAID 1, kwa sababu kila diski ina nakala kamili. Ukifanya kazi siku hiyo, faili mpya zinaandikwa kwenye diski moja tu. Ukirudisha RAID, ubao mama unaweza kudhani diski zote mbili ziko sawa, kumbe moja ina habari za juzi, na utaanza kusoma mara toleo jipya mara la zamani. Ikiwa umeshaiwasha hivyo, nakili kwanza kila kitu kilichobadilika kwenye diski ya nje. Kisha zima, tenganisha diski iliyobaki nyuma, rudisha RAID, acha kundi liwake likiwa "Degraded" kwa diski yenye habari mpya. Ile ya nyuma ifutwe kwenye kompyuta nyingine, kisha irudishwe kama diski mpya ili ijengwe upya.

Nitajuaje kama tatizo ni diski yenyewe au ni kebo?

Diski huweka daftari lake la afya liitwalo SMART. Kwenye Windows litazame kwa CrystalDiskInfo. Kwenye Linux tumia:

sudo smartctl -a /dev/sda

Usihangaike na mistari yote. Mstari wa 5 huhesabu sekta zilizoharibika na kubadilishwa kwa akiba. Wa 197 ni sekta zinazosubiri hukumu kwa kuwa hazikusomeka. Wa 198 ni zile zilizoshindikana kabisa. Mistari hiyo mitatu ikiwa sifuri, diski huenda haina hatia. Ikiwa 197 ina namba na inapanda kila siku, diski inakufa, hata kama juu pameandikwa "PASSED". Neno hilo hubaki pale mpaka mambo yawe mabaya mno, usilitegemee.

Mstari wa 199 ndio wa kebo. Huhesabu mara ambazo data iliharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Namba hii hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo kuona 340 leo hakukuambii kitu. Iandike, badilisha kebo ya SATA, tumia kompyuta siku tatu, soma tena. Ikibaki 340, ulikuwa ugonjwa wa kebo na umepona. Ikifika 361, jaribu tundu jingine kwenye ubao mama. Kebo mpya ya SATA yenye kibano cha chuma ni sehemu ya bei nafuu kuliko zote humu, nayo huokoa diski nyingi zilizohukumiwa bure.

Ukitaka uhakika zaidi, endesha kipimo kirefu: sudo smartctl -t long /dev/sda. Diski ya terabaiti 1 huchukua kama saa mbili hivi, nawe unaweza kuendelea na kazi nyepesi. Matokeo yasome kwa smartctl -l selftest /dev/sda.

Diski ileile inatoka kwenye kundi kila wiki mbili. Nikiirudisha inakubali. Nimebadilisha kebo. Sasa nini?

Angalia umeme wa ndani. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka hunyonya takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24. Nne zikianza pamoja ni karibu wati 96 kwa mkupuo, juu ya prosesa na feni. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ndogo ya ofisini kilitengenezewa diski moja. Kama diski zako zinakula kwenye waya mmoja uliogawanywa mara tatu kwa viungio vya bei rahisi, ile ya mwisho kwenye mstari ndiyo itakayotoka kila mara. Iunganishe kwenye waya mwingine unaotoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, au badilisha kisanduku.

Kama umeme uko sawa, sababu inayofuata ni subira ya diski. Diski za kawaida za mezani zikikutana na sekta mbaya hujaribu kuisoma tena na tena, wakati mwingine zaidi ya dakika moja. Linux husubiri sekunde 30 tu, kisha huamua diski imekufa na kuitoa. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS (kisanduku cha kuhifadhi faili kwenye mtandao) na seva hukata tamaa baada ya sekunde 7, zikaripoti kosa, na kundi likasoma nakala kwingine. Uliza diski yako:

sudo smartctl -l scterc /dev/sda

Ikijibu kwamba inaweza, iwekee sekunde 7 kwa smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda. Ikijibu haiwezi, mwongezee Linux subira:

echo 180 | sudo tee /sys/block/sda/device/timeout

Mipangilio yote miwili husahaulika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo iweke kwenye skripti inayoendeshwa kila inapowaka. Watu wengi hununua diski mpya mbili tatu kabla ya kulijua jambo hili.

Natumia Linux. Nitasomaje hali ya kundi na kubadilisha diski?

Andika cat /proc/mdstat. Utaona kitu kama hiki:

md0 : active raid1 sdb1[1](F) sda1[0]
976630464 blocks super 1.2 [2/1] [U_]

[2/1] ni kwamba diski zilitakiwa mbili, ipo moja. Kila U ni diski iliyo hai, na mstari wa chini ni pengo. (F) imekwishakutajia aliyeanguka: sdb1. Kabla ya kung'oa chochote, pata S/N yake kwa lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL, kisha ilinganishe na selotepu uliyobandika. Halafu:

sudo mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1 --remove /dev/sdb1

Zima, chomoa waya wa ukutani, badilisha diski, washa. Endesha lsblk tena, maana majina yanaweza kuwa yamehama. Tuseme mpya imekuwa sdb na nzima ni sda. Nakili mgawanyo wa sehemu:

sudo sgdisk -R /dev/sdb /dev/sda
sudo sgdisk -G /dev/sdb
sudo mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1

Kwenye amri ya kwanza, diski inayofuata -R moja kwa moja ndiyo inayoandikwa juu yake. Inayokuja mwisho ndiyo inayonakiliwa. Ukizigeuza, utafuta mgawanyo wa diski nzima pekee uliyobaki nayo. Isome kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter.

Maendeleo yatazame kwa watch cat /proc/mdstat. Likimaliza, weka kiwashio kwenye diski mpya pia, sudo grub-install /dev/sdb kwa mashine zinazowaka kwa BIOS ya zamani. Zinazowaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS hiyo, zinahitaji nakala ya sehemu ya EFI, ile yenye faili za kuwashia. Wengi husahau hatua hii, na siku sda inapokufa wanagundua kwamba data yote iko sdb lakini kompyuta haiwezi kuwaka kutoka hapo.

Ukiona kundi limebadilika jina likawa md127, halijaharibika. Limekosa kutajwa kwenye mdadm.conf. Ongeza mstari unaotolewa na mdadm --detail --scan, kisha endesha update-initramfs -u kwenye Debian au Ubuntu.

Na kwenye Windows yenye RAID ya Intel?

Zima, weka diski mpya kwenye tundu lilelile, washa. Kwenye mashine za zamani bonyeza Ctrl+I mapema. Kwenye za karibuni menyu iko ndani ya BIOS, chini ya Intel Rapid Storage Technology. Programu itakuuliza diski ipi itumike kujenga upya. Chagua mpya kwa kutazama S/N, thibitisha, endelea hadi Windows. Usishtuke ukiona bado haijaisha: ujenzi wenyewe hufanyika ndani ya Windows, ukionekana kwenye programu ya Intel kwa asilimia.

Ukiwa unatumia Storage Spaces, kundi linaloundwa na Windows yenyewe, badala ya RAID ya ubao mama, fungua PowerShell kama msimamizi. Get-PhysicalDisk huonyesha mgonjwa, Repair-VirtualDisk huanza matibabu, Get-StorageJob huonyesha yamefika wapi.

Ninaweka Windows upya na haioni diski hata moja.

Inakosa draiva. Pakua draiva ya RST (Intel Rapid Storage Technology) kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta yako, ifungue hadi uone faili zenye mwisho .inf, ziweke kwenye flashi, kisha ubonyeze "Load driver" wakati wa kuchagua diski. Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11 jambo hili hujitokeza mara nyingi kwa sababu ya mpangilio uitwao VMD. Usiuzime VMD kama diski ziko kwenye RAID.

Diski mpya ni ya terabaiti 1 kama ya zamani, lakini inakataliwa kwamba ni ndogo.

Terabaiti 1 ya kampuni moja inaweza kuwa pungufu kwa sekta chache kuliko ya nyingine, na RAID haisamehi hata sekta moja. Nunua ya saizi inayofuata juu. Ziada haitatumika, lakini kazi itaendelea. Unapounda kundi jipya siku nyingine, acha megabaiti 100 hivi mwishoni mwa kila diski bila kugawiwa. Zitakuokoa.

Kujenga upya huchukua muda gani?

Gawanya ukubwa kwa kasi. Diski ya terabaiti 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji saa 7 na dakika 24 ikiwa hakuna anayeisumbua. Ukiendelea kuhariri video juu yake, zidisha mara mbili au tatu. Anza jioni ukifunga ofisi, na uwe na UPS yenye betri inayoaminika.

Ikiwa siku ya pili imefika na asilimia ni 11, chunguza aina ya diski mpya. Diski za SMR hupanga njia za data zikipandiana kama vigae vya paa. Kuandika njia moja kunailazimu diski kuandika upya na za jirani, na ujenzi wa RAID ni kuandika kwa saa nyingi bila kupumzika. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR, na kampuni ikachapisha orodha ya aina zake. Kwa RAID tafuta diski iliyoandikwa CMR, yaani ambayo njia zake hazipandiani, kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na ulinganishe nambari kamili ya modeli, si jina la kwenye boksi.

RAID 5 yangu ya diski nne imepoteza mbili kwa pamoja. Mwisho wa safari?

Si lazima. Diski mbili hazifi dakika moja mara nyingi. Kinachotokea zaidi ni kwamba moja ilikufa miezi iliyopita bila mtu kuona, kisha jana ya pili ikatoka kwa sababu ya kebo au stima. Kila diski ya Linux ina hesabu ya matukio, na hesabu hiyo ndiyo shahidi:

sudo mdadm --examine /dev/sd[abcd]1 | grep -E "/dev/sd|Events"

Tuseme sda1 na sdb1 zinasoma 48211, sdc1 inasoma 48209, na sdd1 inasoma 31077. Tafsiri yake ni hii: sdc ilitoka hivi karibuni tu, habari zake zimekaribia kabisa za wenzake. sdd ndiyo iliyokufa zamani, ina data ya kale, na ukiichanganya na nyingine itaharibu. Kwa hiyo iache nje:

sudo mdadm --stop /dev/md0
sudo mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sda1 /dev/sdb1 /dev/sdc1
sudo mount -o ro /dev/md0 /mnt

Herufi ro ni ya kusoma tu. Nakili kila kitu nje kabla ya kufikiria kuongeza diski ya nne. Na neno hapo ni --assemble. Mtandaoni utakuta ushauri wa kutumia --create. Kwa amri hiyo, ukikosea mpangilio wa diski au ukubwa wa vipande, data ambayo ilikuwa bado inaokoleka inaandikwa juu. Kama diski zenyewe zina sekta mbaya, usijaribu hata haya kwenye diski halisi. Zinakili kwanza kila moja kwa ddrescue kwenye diski nyingine, ufanye majaribio kwenye nakala.

Kuna sababu ya hesabu inayotufanya tusiipende RAID 5 ya diski kubwa. Watengenezaji wengi wa diski za mezani huahidi si zaidi ya kosa moja lisilosomeka kwa kila biti trilioni 100. Kujenga upya RAID 5 ya diski tatu za terabaiti 4 kunahitaji kusoma terabaiti 8 zilizobaki, biti trilioni 64. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini ni kukaribia ukingo bila sababu. Kwa diski nne chagua RAID 10 au RAID 6.

RAID 0 yangu imepoteza diski moja. Siwezi kupata hata nusu ya picha?

Chukua picha moja ya megabaiti 5 na vipande vya kilobaiti 64. Picha hiyo imekatwa vipande 80: arobaini diski hii, arobaini ile, kimoja huku kimoja kule. Nusu uliyo nayo ni kama kitabu kilichong'olewa kila ukurasa wa pili. Tumaini pekee ni diski iliyokufa kusomeka tena kwa mtaalamu. RAID 0 ni ya faili za muda za kuhariria video, hakuna kingine.

Diski inagonga, tik tik tik.

Izime sasa. Usiiwashe kusikiliza tena. Mlio huo mara nyingi ni vichwa vya kusomea vinavyotafuta njia na kushindwa, na kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani. Usiifungue ofisini: punje ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi kati ya kichwa na sahani. Usiiweke kwenye friji. Unyevu utakaoganda ndani utamaliza kilichobaki.

Huku kwetu radi ni nyingi na stima hukatika ovyo. Nilinde vipi diski?

Bonde la Ziwa Victoria na nyanda za Kisii, Kericho na Kakamega hupata ngurumo za mchana mara kwa mara, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Hatari ya kwanza ni stima kukatika katikati ya kuandika. Kwenye RAID 5, data inaweza kuwa imeandikwa lakini pariti yake (hesabu inayotumika kuirudisha data ya diski iliyokufa) bado, na kasoro hiyo hukaa kimya hadi siku diski moja inapokufa na hesabu zikakataa kulingana. Ndiyo maana Linux huanza kukagua yenyewe baada ya kuzimika vibaya. Ukiona "resync" asubuhi, iache imalize.

Nunua UPS, lakini usiishie hapo. Iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB na uweke programu ya kuizima kompyuta yenyewe betri ikipungua. UPS isiyo na kebo hiyo huahirisha tu kuzimika kwa dakika kumi ukiwa umetoka kwenda chakula. UPS ya VA 650 hutosha kompyuta moja na skrini yake. Usiunganishe printa ya leza, maana inapopasha moto hunyonya stima yote. Jaribu betri kila miezi mitatu kwa kuchomoa waya wa ukutani ukiwa umehifadhi kazi zote. Kwenye joto la Kisumu betri hizi za risasi huchoka mapema.

Waya wa ardhi ni muhimu kuliko kifaa chochote cha kuzuia radi. Soketi ya pini tatu isiyofungwa ardhi nyuma ya ukuta haina msaada, na ekstensheni iliyokatwa pini ya juu ni mbaya zaidi. Mwite fundi wa umeme apime. Radi ikikaribia, chomoa na waya wa intaneti, kwa kuwa huingia pia kwa njia hiyo.

Joto na vumbi vina madhara gani?

Mstari wa 194 wa SMART ni halijoto. Kaa chini ya nyuzi 45. Ikizidi 50 kwa muda mrefu, tafuta sababu. Diski mbili zilizopachikwa zikigusana hupikana, kwa hiyo acha nafasi ya diski moja katikati na uweke feni ya milimita 120 mbele. Nakuru, kiangazi cha Januari na Februari, kichujio cha mbele hufungwa na vumbi ndani ya wiki chache. Safisha kwa kipulizio kompyuta ikiwa imezimwa, huku ukishikilia panga la feni kwa kidole lisizunguke.

Nina RAID 1. Bado nahitaji bakapu?

Ndiyo. Ukifuta folda kimakosa, RAID huifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu uleule. Kirusi cha kufunga faili hali kadhalika, na mwizi hubeba kompyuta nzima. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo, diski mbili za USB zinatosha: moja iko kazini, nyingine nyumbani, zinabadilishana kila Ijumaa. Mara moja kwa mwezi fungua faili tatu za ndani ya nakala kuhakikisha zinafunguka.

Naweza kutumia diski za mtumba?

Kwa RAID 1 au 10, ndiyo, ukikagua kabla ya kulipa. Mwaka una saa 8,760. Mstari wa 9 ukisoma 35,000, diski imeshazunguka miaka minne mfululizo. Mistari ya 5, 197 na 198 iwe sifuri, bila mjadala. Usinunue zote za bechi moja kutoka mashine moja, kwa sababu zimechakaa pamoja na zinaweza kufuatana kufa. Futa alama za RAID ya zamani kwa sudo wipefs -a ikifuatwa na jina la diski hiyo kabla ya kuziweka, la sivyo ubao mama unaweza kuibua kundi la mtu mwingine.

Ubao mama umekufa lakini diski ni nzima. Nihamishie wapi?

Diski za mdadm (RAID ya Linux) zichomeke kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Amri ya sudo mdadm --assemble --scan itazipata, hata mpangilio wa matundu ukibadilika. Za Intel zitatambuliwa na ubao mwingine wa Intel wenye RST uliowekwa RAID kabla ya kuzichomeka, au na Linux, ambayo pia huisoma ramani ya Intel. Kadi ya RAID inahitaji kadi ya familia ileile. Ikisema "Foreign configuration", hakikisha diski zote zinaonekana, kisha chagua kuingiza ("Import"). "Clear" itafuta ramani.

Lazima nipeleke diski Nairobi kwa wataalamu wa kuokoa data. Niifungeje?

Peleka diski zote za kundi, hata iliyokufa zamani, zikiwa na namba za matundu yake. Kila moja iingie kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuli, izungushiwe plastiki ya mapovu, na zikae kwenye boksi gumu lenye sponji ya sentimita 5 kila upande, zisigusane. Boksi likitikiswa lisisikike chochote. Ndani weka karatasi yenye aina ya RAID, idadi ya diski, tarehe ya tukio na kila amri iliyokwisha kujaribiwa, hata ile unayoionea haya; itawaokolea muda wa kubahatisha. Ukisafiri nalo kwa matatu, lipakate mapajani. Buti ya nyuma hupokea kila tuta kuanzia Kondele hadi Rironi.